Saa Nzima ya Kusimama

Jumanne ile Ba Jere alipopiga hodi, Bana Nkandu, yaani mama yake Nkandu, alikuwa amepiga magoti sebuleni akiandika uongo wa siku tano kwa mpigo. Baridi ya Juni ilikuwa imegandisha wino, ikabidi kila mara aipulizie kalamu. Alhamisi: dakika sitini. Ijumaa: dakika sitini. Jumamosi akaweka hamsini na tano, maana alikwisha kujifunza kwamba sitini zikifuatana mno zinatia shaka. Penye swali "Mtoto alilia?" akaandika "kidogo". Kisha akalifunga daftari, akazitoa taulo mbili na soksi za mumewe zilizokuwa zimeanikwa kwenye kisimamio, akazisukuma nyuma ya kochi, akaenda kufungua mlango.

Kisimamio chenyewe kilichukua robo ya sebule. Seremala wa mtaa wa Masala alikitengeneza kwa mbao ya mninga, kirefu kama mtu mzima, kikiwa na kibao cha kukanyagia, mikanda mitatu ya kifuani, nyongani na magotini, na meza ndogo mbele ya kuwekea mikono. Ukimwingiza humo mtu asiyeweza kusimama na kumfunga vizuri, atasimama. Nyumba kumi na sita zilikuwa zimepewa visimamio vya namna hiyo tangu Machi, kila nyumba yenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na kila nyumba na daftari lake. Utafiti ulitaka kujua jambo moja: mtoto akisimamishwa saa moja kila siku kwa miezi sita, nyonga zake, magoti yake, usingizi wake na choo chake vitapata nafuu au la?

"Karibu, Ba Jere. Leo hatukupika panya, utatusamehe."

"Hamna neno, nimekuja nimeshiba. Nyumba ya Mbemba nikila naweza kukuta kidole cha nyani mchuzini."

Nkandu, binti wa nyumba, aliyekuwa amelazwa mkekani karibu na jiko la mkaa, alicheka. Kicheko chake kilikuwa cha mwili mzima: mikono ilikakamaa, shingo ikarudi nyuma, na sauti ikatoka kwa kuchelewa, kama ya mtu aliyeko chumba cha pili. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Hasemi, haketi bila kushikwa, lakini utani wa Wangoni na Wabemba aliujua hadi mwisho, na mzaha wa panya na nyani haukuwahi kumchosha.

Ba Jere, na hiyo "Ba" ni ya heshima tu, alikuwa msichana wa Kingoni kutoka Chipata, mtaalamu wa tiba ya viungo hospitalini, na utafiti huu ulikuwa wa shahada yake ya pili. Aliketi, akalifungua daftari, na uso wake uliochoka ukafunguka.

"Bana Nkandu, nikwambie kitu? Katika nyumba zote kumi na sita, hakuna daftari kama lako. Wengine wananiandikia 'sikumbuki'. Mmoja kaniandikia bei za nyanya. Wewe umejaza kila siku!"

"Tunajitahidi."

"Hapana, mnajitahidi sana. Ndiyo maana nimewachagua. Profesa anayenisimamia anakuja Ijumaa kutoka Lusaka. Akiridhika, utafiti utakuwa mkubwa, watoto mia mbili, na pengine siku moja visimamio vitatolewa kliniki bure, kama miwani. Anataka kuona mtoto mmoja akisimama nyumbani kwake. Saa nzima, mwanzo hadi mwisho."

Bana Nkandu alisema ni heshima kubwa. Hakujua mikono yake aiweke wapi.

Ba Jere akapiga magoti mkekani, akatoa kipimo chake cha plastiki, akapima goti la kulia, la kushoto, kisha nyonga. Alipoisogeza nyonga ya kushoto, Nkandu alifumba macho kwa nguvu. Akapima tena, akatazama karatasi ya Machi, akakunja uso.

"Ajabu. Goti halijanyooka hata kidogo. Nyonga hii ya kushoto naona imezidi kukaza. Labda nimepima vibaya." Akaandika. "Haya, maswali. Analala vizuri?"

"Vizuri," alisema Bana Nkandu. Nkandu akafumba macho.

"Anapokuwa kwenye kisimamio, anaonekana kufurahi?"

"Anafurahi." Nkandu akafumba tena, akayaminya hasa, na mama yake akamwona, akageuza uso upande wa dirisha.

Kwa Nkandu, macho kutazama juu ni ndiyo, na kufumba ni hapana. Mama yake alikuwa anajua hivyo tangu mtoto ana miaka miwili. Fomu ya Ba Jere ilikuwa na maswali arobaini na moja, na yote yalikuwa ya mama.

 

Mwanzoni haikuwa uongo. Siku ya kwanza walipomfunga mikanda na kumwinua, ilionekana kwamba Nkandu ni mrefu kuliko mama yake. Hakuna aliyekuwa anajua. Majirani walijaa mlangoni, Bana Mwila wa nyumba ya pili akapiga vigelegele, na mtu akasema, "Kumbe ni msichana mkubwa!" kana kwamba miaka yote walikuwa wanadhani ni mtoto mchanga. Baba mwenyewe, Ba Shi Nkandu, aliporudi kutoka kazini akakuta binti yake amesimama anamtazama usoni, alitoka nje, akakaa nyuma ya nyumba mpaka macho yakamkauka.

Wiki ya tano Nkandu alianza kulia. Si kilio cha kudeka. Mama alikijua kile. Hiki kilianzia chini kabisa na hakikukoma hata alipolazwa. Bana Nkandu akapunguza, akamsimamisha dakika arobaini, akapunguza tena, ishirini. Mwisho hakumsimamisha kabisa, akaanika nguo pale. Kwenye daftari hakuthubutu kuyaandika hayo. Miaka yote, kila kliniki aliyoingia, aliambiwa hajamnyoosha mtoto vya kutosha, hajafanya mazoezi, hajafuata maelekezo. Muuguzi mmoja aliwahi kumwambia mbele ya foleni nzima, "Akina mama wa hivi mnataka miujiza lakini ni wavivu." Kuandika dakika sifuri kulikuwa sawa na kumpa muuguzi yule haki.

Tena palikuwa na saa kumi, dakika chache ambazo hakuweza kuziruka.

Ba Shi Nkandu alikuwa fundi katika yadi ya malori. Alirudi saa kumi kamili, mikono myeusi kwa grisi, na kitu cha kwanza alichokitafuta kwa macho, kabla ya chai, kabla ya salamu, kilikuwa binti yake kwenye kisimamio. Basi kila siku, saa kumi kasoro dakika tano, Bana Nkandu alimwinua Nkandu, akamfunga mikanda, akampaka mafuta usoni.

"Yuko hapo tangu saa tisa," alimwambia mumewe jioni ile ya Jumanne, kama siku zote.

"Simba wangu!" Ba Shi Nkandu akavuta stuli, lakini hakuikalia, alisimama mbele ya binti yake, uso kwa uso. "Sikia mambo ya leo. Dereva mmoja wa Kongo kaleta lori, anasema linapiga mluzi. Tumefungua injini, tumefunga, mluzi uko palepale. Unajua ni nini? Kasuku! Kamficha nyuma ya kiti, anamvusha mpaka!"

Nkandu alicheka, na jasho likamchuruzika kwenye nywele ilhali nje watu walikuwa wamevaa masweta. Bana Nkandu alikuwa anahesabu kimoyomoyo. Alipofika mia sita alisema, "Haya, saa imetimia. Nimtoe."

"Mwache kidogo, namalizia."

"Ba Jere amesema isizidi saa moja."

"Sawa, sawa. Daktari ni wewe." Akaenda kunawa. Akishatolewa na kulazwa mkekani, hadithi zilikwisha. Ba Shi Nkandu alikunywa chai yake akitazama ukuta, na akiinuka aliuruka mkeka kwa hatua ndefu, kwa uangalifu, kama mtu anayeruka maji.

 

Jumatano Bana Nkandu aliuza vitumbua vyake upesi upesi, akamwachia Bana Mwila mtoto, akaenda hospitalini kwa miguu kumtafuta Ba Jere. Njia nzima alijizoeza. Atasema: nisamehe, binti yangu anaumia, nimeandika yasiyokuwepo. Maneno manane tu, alijiambia, ingawa hakuyahesabu.

Kwenye dirisha la mapokezi muuguzi hakuinua kichwa. "Unasemaje?"

"Namtafuta Ba Jere wa viungo."

"Mtoto yuko wapi?"

"Nimemwacha nyumbani. Nataka kuongea naye tu, dakika mbili."

"Mama, hapa si sokoni kwamba unakuja kupiga soga. Watoto wa aina hiyo siku yao ni Alhamisi. Na uje naye, usije na maneno."

Watu wa foleni walimtazama. Mzee mmoja akasogeza miguu ili apite. Bana Nkandu alisema ahsante, na baadaye njiani alijishangaa ameshukuru nini.

Aliporudi, alimkuta Bana Mwila kibarazani, mikono kiunoni.

"Bana Nkandu, mimi si mjinga. Nimemsogeza huyu mtoto tu nimbadilishe nguo, amepiga kelele mtaa mzima umesikia. Ndiye huyu mnayesema anasimama saa nzima?"

"Leo hajisikii vizuri."

"Leo?" Bana Mwila alimtazama hadi akainamisha uso. "Haya. Mtoto ni wako. Nimemlisha uji, kabakisha. Na kitumbua kimoja nimekula mimi, usinitafute."

 

Ijumaa Ba Shi Nkandu alikuwa ameomba ruhusa kazini, siku isiyo na malipo. Alivaa shati la kanisani, akafagia uwanja ambao mkewe alikwisha kuufagia. Ndani, Bana Nkandu alimvisha binti yake gauni la bluu, kisha akainama sikioni mwake.

"Mama, leo ni saa nzima. Wageni wametoka mbali. Utaweza?"

Nkandu alifumba macho.

"Najua. Najua, mama. Lakini Ba Jere ametuchagua sisi. Na baba yako hakwenda kazini." Alimpangusa udenda. "Kwa ajili ya baba. Siku moja tu, kisha hutasimama tena mpaka utake mwenyewe."

Nkandu hakujibu. Nje gari lilisimama, milango ikafunguliwa, sauti ya Ba Shi Nkandu ikasikika ikikaribisha kwa Kiingereza cha yadi. Ndipo macho ya Nkandu yalipopanda juu, polepole, yakatulia hapo. Bana Nkandu alimbusu kwenye paji la uso na hakumtazama tena usoni alipokuwa anamfunga mikanda.

Profesa alikuwa mzee mpole mwenye koti la sufu na viatu vilivyong'aa. Alikaa kwenye kochi, akatoa saa mfukoni, akaiweka juu ya goti. Ba Jere alisimama karibu na kabati na kalamu yake. Kamera ilikuwa mikononi mwa kijana wa kike aliyekuja nao.

Dakika kumi za kwanza Nkandu alitabasamu, maana hizo alikwisha kuzizoea. Ba Shi Nkandu alijibu maswali yote, hata yasiyoulizwa.

"Mheshimiwa, mimi narudi kutoka kazini namkuta wima. Kila siku! Zamani nilikuwa nasema, Mungu, huyu nitamfanyia nini. Sasa naongea naye kama na mtu mzima."

"Na yeye anaonekana kupenda?"

"Anapenda kupita kiasi. Mama yake ndiye anamkatiza, mimi ningemwacha mpaka usiku."

Dakika ya ishirini tabasamu lilikuwa limebaki mdomoni tu. Dakika ya thelathini Nkandu alianza kuguna, kila pumzi na mguno wake. Ba Jere aliacha kuandika. Aliutazama mguu wa kushoto, vidole vilivyojikunja mpaka vikawa vyeupe.

"Bana Nkandu, huwa anaguna hivi?"

"Akichoka."

Dakika ya thelathini na nane, mkojo ulishuka. Ulipita chini ya gauni la bluu, ukalowesha kibao, ukatiririka sakafuni hadi karibu na kochi. Profesa aliusogeza mguu wake pembeni, taratibu, bila dharau, lakini kila mtu aliona. Kijana wa kamera aliishusha kamera. Nkandu alifumba macho, akayafumba kabisa, kama mtu aliyefunga mlango.

"Haijawahi kutokea," Ba Shi Nkandu alisema haraka. Alichukua gazeti mezani akalitandaza kwenye maji. "Haijawahi, mheshimiwa. Ni aibu ya wageni tu. Amebakiza dakika ishirini, atamaliza. Nkandu! Simba wangu, si utamaliza?"

"Mtoeni," alisema Bana Nkandu.

"Ngoja kwanza, mama—"

"Nimesema mtoeni! Hajawahi kusimama saa nzima tangu Aprili! Hata nusu saa hajasimama! Nimeandika mimi, yote nimeandika mimi, kwa mkono wangu!" Alikuwa amekwisha kupiga magoti kwenye mkojo akihangaika na mkanda wa chini, na vidole havikumtii. Ba Jere aliangusha karatasi zake akaja kusaidia. Walipomshusha na nyonga ya kushoto ikakunjika, Nkandu alipiga ukelele uliomleta Bana Mwila mbio mpaka dirishani.

Palipotulia, Profesa aliirudisha saa mfukoni.

"Miss Jere," alisema kwa sauti ya chini, "madaftari ya namna hii tunayo mangapi?"

"Sijui, Profesa."

"Basi hatuna utafiti. Tuna karatasi."

Alimwambia Bana Nkandu pole, akampa mkono mumewe, wakaondoka. Chai na vitumbua vilivyopangwa kwenye sinia vilibaki kama vilivyowekwa.

 

Ba Shi Nkandu alivua shati la kanisani, akalitundika. Alisubiri mkewe amalize kumwogesha mtoto na kumlaza chumbani.

"Kwa hiyo miezi yote mitatu nilikuwa naingia kwenye mchezo wa kuigiza."

Bana Nkandu alikuwa anakamua tambara. "Dakika kumi alikuwa anasimama kweli."

"Dakika kumi! Umenifanya bwege. Yadi nzima nimewatangazia. Nimemwambia hadi mchungaji! Kwa nini hukuniambia mtoto anaumia?"

"Ungeona kama ungemtazama."

"Mimi simtazami? Mimi ninayekimbia kutoka kazini—"

"Unakimbilia kumwona amesimama. Akishalala unamruka." Alisema bila kupandisha sauti, hakuwa na nguvu za kuipandisha. "Miaka kumi na mitano, Ba Shi Nkandu, umemruka. Sikulaumu, unachoka, mimi pia nachoka. Lakini zile dakika kumi ndizo pekee ulizokuwa unaongea naye. Na yeye alijua. Unafikiri ni mimi niliyemlazimisha? Ikifika saa kumi kasoro alikuwa anatazama mlango, kisha ananitazama mimi, kisha anatazama hilo dubwana. Yeye mwenyewe. Alikuwa anazinunua hadithi zako."

 Ba Shi Nkandu alikaa kwenye stuli yake mbele ya kisimamio kitupu, akakaa sana, na mkewe alipomaliza kufuta sakafu alipita kando yake bila kumwambia chai iko tayari.

 

Jumatatu Ba Jere aliwapeleka kupiga picha ya mfupa. Machi, utafiti ulipoanza, mashine ilikuwa mbovu. Watoto watano walipewa visimamio bila picha, kwa sababu seremala alikwisha kumaliza na tarehe za chuo zilikuwa zinambana Ba Jere. Nkandu alikuwa mmoja wa watano hao.

Jumatano Ba Jere alikuja na bahasha. Safari hii hakukuwa na panya wala nyani. Aliiinua picha kwenye mwanga wa dirisha, akawaonyesha Bana Nkandu na mumewe: upande wa kulia mfupa wa paja umekaa ndani ya nafasi yake, upande wa kushoto umetoka, umekaa juu, peke yake.

"Umetoka muda mrefu," alisema. "Miaka miwili, labda zaidi. Kumsimamisha mtu mwenye nyonga hii na kumfunga mikanda ni…" Hakuimaliza. "Ningeiona picha hii Machi, nisingemletea kisimamio. Kosa ni langu. Na daftari lako la uongo, Bana Nkandu, Mungu anisamehe, ndilo lililomwokoa. Ungenitii ungemvunja."

Bana Nkandu alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Alikaa chini.

"Na utafiti wako?" Ba Shi Nkandu aliuliza.

"Nimezunguka nyumba zote tangu Jumamosi. Nyumba tisa zimeniambia mambo ambayo hayamo daftarini. Kuna mama anamwacha mtoto amefungwa saa tatu ili aende sokoni, akirudi anaandika saa moja. Wote walikuwa wananiogopa. Mimi!" Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Lakini yuko mtoto wa miaka sita pale Masala, nyonga zake nzima, anasimama na analala usiku kucha, na mama yake sasa analala. Kwa hiyo siwezi kusema visimamio ni vibaya. Siwezi kusema ni vizuri. Naanza upya."

Aliuchukua mkoba wake, akaenda kukaa mkekani, akaikunja miguu. Akatoa karatasi nyeupe, isiyo na maswali yaliyochapwa.

"Mama yako ameniambia juu ni ndiyo, kufumba ni hapana. Ni kweli?"

Nkandu aliutazama uso ule uliokuwa chini, karibu na wake. Macho yakapanda juu.

"Nyonga inakuuma hata ukilala?"

Juu.

"Kila siku?"

Juu. Ba Jere akaandika.

"Nitakutafutia dawa ya maumivu, na daktari wa mifupa akuone, ingawa foleni yake ni ndefu na siwezi kukuahidi kitu. Siku zile za mwanzo, kabla hujaanza kuumia, ulipenda kusimama?"

Juu, mara moja.

"Na sasa unataka nikiondoe—"

Macho yalikuwa yamekwisha kupanda kabla hajamaliza swali.

Mlangoni, Ba Shi Nkandu alikohoa. "Hata dakika tano?" aliuliza. "Si lazima kila siku. Jumapili tu, dakika tano." Haikujulikana anamwuliza nani. Kisha akaenda mwenyewe, akafungua meza ndogo ya mbele, akang'oa mikanda, akaibeba fremu begani peke yake mpaka kwenye gari dogo la mizigo lililokuwa linangoja nje. Lilikuwa linakwenda kwa msichana mwingine, mrefu, ambaye picha yake ilikuwa imekwisha kupigwa. Bana Mwila alitoka kuangalia, akataka kusema neno, akamwona uso, akaingia ndani.

Siku ya pili yake Ba Shi Nkandu alirudi saa kumi. Sebule ilionekana kubwa, sakafu ikiwa na miraba minne isiyofifia pale miguu ya fremu iliposimama. Mkewe alikuwa anakanda unga wa vitumbua vya kesho. Nkandu alikuwa mkekani, amelala ubavu wa kulia, mto katikati ya magoti kama Ba Jere alivyoelekeza.

Ba Shi Nkandu alinawa mikono. Alisimama kidogo. Kisha akashuka mkekani kwa taabu, magoti yakilia, akatafuta namna ya kuweka miguu yake, akaishia kulala ubavu na yeye, kichwa juu ya kiganja.

"Juu ndiyo, kufumba hapana?" aliuliza.

"Usiniulize mimi," alisema Bana Nkandu.

"Nkandu. Juu ni ndiyo?"

Juu.

"Unaumwa sasa hivi?"

Nkandu alifikiri. Akafumba.

"Vizuri." Ba Shi Nkandu akakwama. Alikuwa na hadithi ya yadi, hadithi nzuri, lakini akaiacha. "Zile habari zangu za malori. Zilikuwa zinakuchosha?"

Akafumba, na pembe za mdomo zikacheka.

"Haya." Alijikuna shingo. Nje watoto walikuwa wanapiga mpira ukutani, na alingoja hadi walipohama. "Umenikasirikia?"

Nkandu alimtazama muda mrefu, muda ambao mama yake aliacha kukanda. Kisha macho yalipanda juu, yakakaa huko, hayakushuka mpaka alipohakikisha baba yake ameona.

"Amesema ndiyo," alisema Ba Shi Nkandu.

"Nimeona."

Ba Shi Nkandu alitikisa kichwa kukubali. Chai ililetwa, akakisogeza kikombe pembeni kisimzibie uso wa binti yake, akavuta pumzi, akauliza swali jingine.